Mstari wa Tano

Mfamasia aliigonga chupa ubavuni kwa kucha,
unga uliolala chini ukaamka.
"Maji yaliyochemka, kisha yakapoa," akasema,
"hadi kwenye alama hii. Usizidishe, usipunguze.
Tikisa. Ngoja povu litulie. Ongeza tena mpaka yafike alama."
Nilikuwa nimevua glavu moja tu,
ya pili niliisahau mkononi.

Nje Ulaanbaatar ilikuwa imemeza moshi wake,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na Temuulen, miaka mitatu, mgongoni kwangu,
anapumua kama msumeno butu kwenye ubao mbichi.
Mimi ndiye nipelekaye makaa mtaa ule.
Moshi ule, sehemu yake niliubeba kwa magunia.

Hema letu la sufu lina majira mawili:
jikoni kiangazi, mlangoni barafu.
Dawa haitaki kuchemka, haitaki kuganda.
Friji hatuna; nani huku anunue baridi?
Nikazunguka na chupa kama mgeni asiyejua akae wapi,
hadi nyuma ya sanduku la machungwa la mama yangu,
mahali ambapo hata siagi haiyeyuki wala haiwi jiwe.

Mama akanyosha kijiko cha supu.
"Kijiko ni kijiko, Purevdash. Nimelea saba kwa hiki."
Sikujibu.
Ukutani kuna fremu, na ndani ya fremu watoto ni watano.
Tuliitazama wote wawili,
kisha yeye mwenyewe akakirudisha kijiko sufuriani.

Mililita tano. Saa moja asubuhi, saa moja usiku, siku saba.
Tikisa kila mara, kwani dawa huzama
na aliyetangulia hunywa maji, wa mwisho hunywa sumu.
Nikamkalisha wima pajani,
ncha ya bomba ndani ya shavu, kamwe si kooni,
nikasukuma tone, nikangoja ameze,
nikasukuma tone.
Dozi ya kwanza aliitemea shati langu: waridi,
harufu ya stroberi, tunda asilowahi kuliona.
Nikampigia mfamasia: nimpe nyingine?
Naye akauliza kwanza: ametema yote, au kidogo?
Dakika ngapi zimepita?
Sikujua kwamba hata kutema kuna hesabu yake.

Siku ya tatu homa ilitoka bila kuaga.
Mtoto akaomba tambi, akamvuta mbwa mkia.
Mkono wangu ukasita juu ya chupa.
Amepona, nikawaza; ya nini kumtesa?
Nikakumbuka jiko: makaa yakifunikwa na majivu
huonekana yamekufa, mpaka uyapulize.
Nikatikisa.

Jioni hiyo Oyunbileg wa hema la nne akabisha,
mwanawe kifuani amefungwa shali.
"Wako anacheza. Nigawie nusu."
Amenikopesha unga mara ngapi, mwanamke huyu?
Ukoo wangu hauna deni kubwa kuliko lake.
Lakini chupa ina jina la mtu mmoja na uzito wa mtu mmoja,
na kikohozi cha mwanawe hakuna aliyekisikiliza kwa kifaa.
Nikasema hapana, nikaona uso wake ukifunga mlango.
Nikawasha lori.
Tulikwenda zahanati tukiwa watatu, kimya,
kati ya magunia matupu.

Siku ya saba nilichelewa; tairi lilipasuka mlimani Chingeltei.
Nilipoingia, saa tatu na nusu usiku,
Temuulen alikuwa amelala, mdomo ukinuka stroberi.
Kwenye nguzo, alama za makaa nilizozichora kila dozi:
kumi na tatu zangu, zimenyooka.
Ya kumi na nne imepinda kidogo.

Macho ya mama hayaoni tena tarakimu ndogo.
Nikaliokota bomba mezani, limeoshwa, limekauka,
na pale penye mstari wa tano
amefunga uzi mwekundu.